Noti ya Chumba cha Zablon

Alhamisi, 12 Juni. Al-Malqa, Riyadh

Ushindi ukikaa muda bila kuandikwa huanza kufanana na uongo, basi naandika. Sisi watu wanne tunaoitwa Wana wa Lango ndio mabingwa wa sauti nne wa Wakenya wa Ghuba. Shindano lilikuwa la mtandaoni. Makundi yaliimba kutoka Doha, Dubai na Kuwait, nasi tukawashinda wote tukiwa ndani ya chumba cha mlinzi, miguu peku, taulo limebanwa chini ya mlango ili jirani asisikie.

Chumba ni cha Zablon, anayelinda nyumba ya watu huko Al-Naseem. Yeye ndiye besi. Naftali, dereva wa lori la maji, ndiye anayeshika wimbo wenyewe na ndiye mkubwa wetu. Sauti ya juu ni Duncan wa Al-Murabba, ambaye hushinda akibeba masanduku boharini na jioni anaimba kama binti wa shule. Mimi, Danson, dereva wa nyumba, ni sauti ya tatu. Mtindo huu Naftali aliupata kwenye simu: wazee wa Kizungu wenye vizibao, wanne, bila kinanda wala ngoma. Akatuambia unaitwa mtindo wa kinyozi. Duncan akauliza kama kunyolewa ni bure. Ulitufaa kwa sababu hauhitaji kelele, na hapa wimbo wa kanisa unaimbwa kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake.

Noti tunaichukua kwenye AC. Hili hatujamwambia mtu. Chumba cha Zablon kina AC ya dirishani, kuukuu, inayonguruma noti moja tu kutwa kucha, na Naftali aligundua mapema kwamba noti hiyo inatukaa wote kooni. Ukiingia unanyamaza kidogo, unaisikiliza, unaanza. Hata katika rekodi iliyoshinda inasikika mwanzoni, yenyewe peke yake, kabla Naftali hajavuta pumzi. Jaji mmoja aliandika kwamba chini ya besi yetu kuna utulivu ambao hajausikia kwingine. Zablon amesema AC ipewe mgao wake wa zawadi.

Rekodi ilipofika nyumbani Nyamira, mama alinipigia.

"Naftali nimemsikia. Yule wa juu nimemsikia. Hata yule mzito. Wewe ulikuwa wapi, tata?"

Huniita tata, yaani baba, kwa sababu nina jina la baba yake. Nikamweleza kwamba sauti ya tatu ni kama chumvi kwenye mboga, haionekani.

"Chumvi naionja," akasema. "Wewe sikukuonja."

Nilicheka, lakini liliniingia. Sasa kanisa la kwetu linataka nyimbo zetu sita zichezwe kwenye makambi ya Agosti, watu wa kila kijiji wakiwa chini ya hema moja na spika kubwa. Mama atakuwepo. Nataka anisikie. Sina ombi lingine mwaka huu.

Ijumaa, 13 Juni

Mazoezi kwa Zablon. Naftali alikuja na binamu yake Ephraim, dereva mgeni, bado anaogopa barabara za huku. Alikaa mlangoni karibu na viatu, akala chapati zetu, akasikiliza. Ana kifua kipana. Nilimwonea huruma, nikamwachia kipande cha mwisho.

Ijumaa, 20 Juni

Madam ametangaza: shule zikifungwa, nyumba nzima inahamia Jeddah kwa mama yake, hadi mwisho wa likizo. Dereva pia. Peris pia, anayepika na kulea watoto. Hakuna aliyeulizwa, na sikutegemea kuulizwa.

Nilipowaambia kwa Zablon wakanyamaza wote, AC ikabaki inanguruma peke yake.

"Sasa makambi?" Duncan akauliza.

"Makambi yako palepale," Naftali akasema. "Sisi watatu tutarekodi hapa. Danson atarekodi yake huko, anitumie, mimi nitaziunganisha kwa simu. Noti si tunaijua? Ni ya AC."

"Nitaibeba kwenye simu," nikasema. "Iko mwanzoni mwa rekodi."

"Umeona?" Naftali akasema. "Na hakuna kutumiana vipande ovyo kabla ya wakati. Duncan alivujisha wimbo wa kwanza kwa TikTok, tukaaibika."

"Nilitubu hiyo," Duncan akasema.

Naftali ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Alinionyesha wapi pa kusimamisha gari na wapi faini inakungojea, akanisindikiza kufuata ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, lori la mwajiri wake likimngoja barabarani. Akisema jambo litawezekana, mimi huwa silali nikilipima.

Jumapili, 29 Juni

Tumeendesha kutwa. Jangwa, kituo cha mafuta, jangwa. Watoto wametapika mara mbili.

Jumanne, 1 Julai. Jeddah

Joto la Riyadh linakuchoma na kukuacha. La hapa linakuvaa. Shati hukauka tu likiwa kabatini, na hata huko si sana.

Ijumaa, 4 Julai

Nimerekodi wimbo wa kwanza ndani ya gari, kwenye maegesho nyuma ya duka kubwa, vioo juu, injini nimezima kwa sababu injini nayo ina noti yake. Bila AC ya gari ni kama kuimba ndani ya sufuria. Nafanya hivi: naweka simu sikioni, nasikiliza ule mngurumo wa mwanzo wa rekodi yetu, naushika kooni, kisha nabonyeza kurekodi na kuimba kabla haujaniponyoka. Mlinzi wa Kiyemeni alikuja kugonga kioo. Aliona mtu mzima anatokwa jasho na kutetema midomo peke yake, akaniletea maji.

Nimetuma. Naftali amejibu kwa kidole gumba.

Jumapili, 6 Julai

Naftali: "Danson, iko juu kidogo. Rudia."

Jumanne, 8 Julai

Nimerudia.

Alhamisi, 10 Julai

"Bado iko juu."

Ijumaa, 11 Julai

Nimerekodi tena wimbo wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kila mara nimeanza kwenye AC ya Zablon. Naijua noti ile kama ninavyojua mlango wa kwetu gizani. Wakati mwingine nikiiweka sikioni nawaona wote, Zablon na kikombe chake, Duncan akitafuta pa kukaa.

Naftali: "Zote ziko juu, bro. Kwani unasikia nini huko?"

Jumatatu, 14 Julai

Jasho. Madam sokoni, madam kwa dada yake, madam sokoni.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nilimwomba Peris anisikilize. Alikuwa anachambua mchele jikoni, madam amelala. Peris ni wa Kitale, alilelewa kwenye kwaya, na hana tabia ya kumpaka mtu mafuta. Nikamchezea mwanzo wa rekodi ya ushindi, halafu nikamchezea yangu.

"Hiyo mashine inasema hivi," akasema, akaimba kidogo. "Na wewe umesema hivyohivyo. Sasa wanataka nini?"

"Wanasema niko juu."

"Juu ya nini?"

Nimemwandikia Naftali anitumie walichorekodi wao watatu niimbe nikiwasikia. Amesema itavuja. Nikamwambia mimi si Duncan. Akasema sheria ni ya wote, halafu akaongeza kwamba hewa ya bahari huziba masikio, nitie mafuta ya zeituni.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetia mafuta ya zeituni masikioni. Nimesikia Kiarabu cha baba mwenye nyumba kama anayezungumza kutoka ndani ya pipa. Aliniambia kulia, nikaenda kushoto, akaniuliza kama nimelewa.

Ijumaa, 25 Julai

Tumegombana. Nilirekodi nyimbo zote sita nikiwa nimejishusha kwa kubahatisha, kidogo tu, kama mtu anayeshuka ngazi bila taa. Jibu likaja: "Sasa iko chini." Nikampigia.

"Naftali, wewe mwenyewe unajua unachotaka?"

"Nataka mtu ashike noti. Hiyo tu. Wenzako wanashika."

"Noti nimeishika. Ni wewe ulinifundisha kuishika."

"Basi imekuponyoka. Si dhambi. Lakini makambi ni mwezi ujao na mimi siwezi kuwaambia wazee wa kanisa kwamba Danson bado anatafuta."

Kwa nyuma nilisikia Duncan akisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka," na mtu akacheka kicheko kizito nisichokijua. Nikauliza ni nani. Naftali akasema ni watu tu.

Ukiambiwa kila wiki kwamba unaimba vibaya, unaanza kuimba vibaya. Leo nimejaribu kuimba nikiosha gari na sauti imetoka imejikunja. Nimekuwa mtu wa kujisikiliza badala ya kuimba. Nina uchungu na Naftali, na papo hapo namwogopa, kama mtoto aliyekosa hesabu.

Jumatano, 30 Julai

Kundi letu la WhatsApp limenyamaza. Zablon huweka video za ng'ombe kila asubuhi. Wiki hii hakuna ng'ombe.

Ijumaa, 1 Agosti

Imekubali. Naftali ameandika neno hilohilo, "Imekubali," na chini yake, "nyimbo zote sita, tulia sasa." Nilikuwa nimetuma tena zote Jumatatu, nimerudi kwenye noti ya AC bila kubahatisha, nikasema liwalo na liwe. Kumbe ndizo zilizokubali. Nimenunua sambusa, nikampelekea Peris jikoni zikiwa bado za moto.

"Nilikwambia," akasema. "Juu ya nini."

Nimempigia mama. Nimemwambia akae mbele, karibu na spika ya kushoto, na katika wimbo wa nne, pale wengine wanaposhikilia neno moja kwa muda mrefu, asikilize sauti moja inayotembea katikati. Hiyo ni mimi. Akaniambia nirudie polepole ili amwambie jirani yake Mirriam, kisha akaomba sala ndefu kwenye simu hadi salio lake likaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeimba njia nzima kwenda kuleta maji. Mwili umerudi.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui pa kuanzia. Naanza na Zablon.

Alipiga mwenyewe leo mchana. Nilikuwa nje ya jumba la harusi nikimngojea madam, nimekaa kivulini na madereva wengine. Nilifurahi kuona jina lake. Tulianza na habari za kawaida: joto, watoto wake, bosi wake aliyeoza meno. Nikamuuliza kama analala vizuri, maana siku zote hulalamika.

"Siku hizi nalala kama mtoto," akasema. "Bosi aliniwekea AC mpya, split ya ukutani. Haina kelele hata kidogo. Ile ya dirisha ilikufa. Halas, imekwisha."

"Ilikufa lini?"

"Hiyo wiki mlienda Jeddah. Ilikohoa tu ikanyamaza. Fundi alisema mafi dawa, haitengenezeki."

Nilisimama. Madereva wakaniangalia.

"Zablon. Sasa noti mnachukua wapi?"

"Naftali anaitoa kwa kichwa."

Niliyaelewa yote mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Kichwa cha mtu hushuka. Hakuna mtu anayebeba noti kichwani wiki kadhaa asiishushe, na hasa Naftali, ambaye asubuhi ana sauti ya pipa. Wao watatu walikuwa wameshuka pamoja, wameshikana mikono, na mimi peke yangu nimebaki pale tulipokuwa. Sikuwa juu. Nilikuwa chumbani kwa Zablon, na wao ndio walikuwa wametoka.

Nikacheka, nakiri. Nilicheka kwa raha hadi nikamwomba radhi mzee wa Kipakistani aliyekuwa karibu. Nikamwambia Zablon, "Umeona? Mwambie Naftali. Masikio yangu mazima. Mafuta nilitia bure."

Hakucheka. Ndipo nikajiuliza jambo ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo.

"Lakini kama mko chini, na mimi nilituma kwa noti ya zamani, ilikubali vipi?"

Zablon ana sauti inayotikisa kikombe. Leo ilitoka nyembamba.

"Danson, mtu wetu. Mimi nilisema tukwambie. Ni Ephraim. Anaimba ya tatu tangu Julai. Naftali alisema ukijua utavunjika moyo, tungoje makambi yapite. Ile yako hatujaifungua. Nisamehe."

Madam alitoka wakati huo, nikafungua mlango wa gari, nikaendesha. Sikumbuki njia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia Naftali. Nilikuwa nimepanga maneno makali, hata mengine ya Kiarabu. Alipopokea akasema, "Zablon ameniambia," na alisikika amechoka, mtu aliyetoka kumwaga maji majumba ishirini.

"Ulijua AC imekufa?"

"AC ni AC, Danson. Ilikufa, wakaleta nyingine. Sikufikiria."

"Mngeniambia siku hiyo ningeshuka. Ni kushuka tu. Ningewafuata popote."

"Sikufikiria," akasema tena. Kisha: "Na Ephraim alikuwa hapo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hila. Kwa hila ningekuwa na la kufanya: ningekasirika, ningemlaani, ningepona. Lakini hakuna hila. Mtu alikuwa karibu na viatu akala chapati, na mimi nilikuwa mbali. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga hawakuongeza kitu.

"Jina lako bado liko," Naftali akasema. "Kwa kava, na picha. Hatukutoa. Ephraim hajataka lake liwekwe. Sisi si watu wabaya."

Hilo ndilo limenivunja. Nilikata simu nikalia ndani ya gari, vioo juu, palepale nilipokuwa naimbia. Nilimpenda Naftali kama kaka. Bado nampenda, na sijui nifanye nini na upendo huo. Zamani nilidhani ni mtu anayesikia kila kitu. Ni mtu wa kawaida, anasikia kilicho karibu.

Peris aliniletea chai bila kuuliza. Nilipomweleza akasema, "Waambie watoe hilo jina."

"Mama ameshaliambia kanisa zima."

Akarudi jikoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Unyevu. Kioo cha gari kinashika ukungu kwa nje.

Ijumaa, 15 Agosti

Naftali amenitumia nyimbo zote sita, sasa haogopi zivuje. Nimezisikiliza kwenye maegesho yangu. Nilitarajia ziwe mbaya na nilikuwa nimejiruhusu kufurahi.

Si mbaya. Ziko chini, nzito kidogo, hazina ule mngurumo wa mwanzo. Zinaanza tu ghafla kutoka kwenye ukimya. Lakini ni nzuri. Ephraim hajui kujificha. Mahali pangu anaingia na kifua chote, kama mgeni anayecheka kwa nguvu sebuleni, na wimbo haukumkataa. Katika wimbo wa nne, pale katikati, anatembea njia yangu hatua kwa hatua. Naftali alimfundisha vizuri. Nimerudia mahali hapo mpaka nimeweza kukiimba kila alichokiimba, hata pale anapochelewa kidogo. Nimejitafuta kwa kila namna. Simo. Ipo picha yangu, nimevaa shati la bluu, nimefungua mdomo.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya makambi. Baba alitaka gari lioshwe. Nikaliosha mara mbili. Mkono mmoja tambara, mkono mmoja simu.

Mama amepiga jioni. Nyuma yake nilisikia hema zima, viti vinaburutwa, watoto, mtu anajaribu kipaza sauti. Alikuwa anapumua kwa haraka.

"Tata. Nimekusikia."

Nikaweka tambara juu ya boneti.

"Nilikaa pale uliposema, spika ya kushoto. Wimbo wa nne. Wakashika neno, na wewe ukaja katikati. Nikamshika Mirriam mkono nikamwambia, huyo, huyo ndiye Danson wangu. Akasema na yeye amekusikia. Watu wote wamekusikia. Mbona siku zote ulikuwa unajificha, mwanangu?"

"Ile ya kwanza ni rekodi ya zamani, mama. Haikuwa nzuri."

"Hii ni nzuri. Hapa umetoa sauti kama babu yako." Alikuwa analia, na kwa mama kulia na kucheka ni kitu kimoja. "Hebu niimbie kidogo, pale katikati. Huyu Mirriam aamini ni wewe."

Nilifunga bomba. Ile noti ya zamani ilikuwa kooni kama ilivyo siku zote, chumba cha Zablon na kila mtu ndani yake. Nikaiacha. Nikashuka hadi pale walipo wao, nikajaza kifua, nikaimba kwa nguvu kama Ephraim, nikachelewa pale anapochelewa.

"Ndiyo hiyo," mama akasema, akimwambia Mirriam. "Sikia. Ndiyo hiyohiyo."